Dansi Lavuka Mto Mara

Msafiri atokaye Musoma kwenda Tarime huuvuka Mto Mara katika Daraja la Kirumi, mahali ambapo mto huo umekwisha kuchoka na unakaribia kujimwaga katika Ziwa Victoria. Akiondoka Tarime kwenda Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti, kwa njia ya Nyamwaga na Nyamongo, atauvuka mto huo huo mara ya pili, safari hii ukiwa bado una nguvu za kutoka milimani. Chanzo chake ni misitu ya Mau nchini Kenya. Huko hutelemka, ukapita Maasai Mara, ukakata pembe ya kaskazini ya Hifadhi ya Serengeti, ndipo ukaingia katika vijiji vya wakulima na wafugaji. Watalii wa dunia nzima wanaujua kwa sababu ya nyumbu wanaouvuka kila mwaka. Makala haya yanahusu wavukaji wa aina nyingine: wapiga magitaa, waimbaji na wapiga tumba waliokwenda kutafuta riziki katika wilaya hizo mbili.

Jumamosi moja ya kiangazi, bendi ya dansi kutoka Dar es Salaam iliifungua ziara yake ya mikoa ya ziwa mjini Tarime. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa yaliyoipata yamekwisha kuzipata bendi nyingi, na msomaji anaweza kuweka hapo jina lolote alipendalo. Nilifuatana nayo kutoka Tarime hadi Mugumu, nikitaka kuona jinsi muziki uliolelewa katika kumbi za pwani unavyopokewa mbali na pwani.

Tarime ni mji wa mwinuko. Jioni hewa yake huwa baridi hata mgeni wa Dar es Salaam akajuta kuacha koti nyumbani. Pembeni mwa mji kuna migomba, mahindi na kahawa, na mbele kidogo kuna mpaka wa Sirari, ambako biashara na Kenya haisimami. Katika vibanda vya nyama choma harufu ya moshi huchanganyika na ile ya kichuri, mchuzi mchungu wa matumbo ambao Mkurya akiukosa karamuni huona kama hakukaribishwa vizuri. Ni mji wa watu wasemao waziwazi. Kijana huitwa “mura”, na huyo mura akipenda kitu utaona, asipokipenda utasikia.

MASIKIO YALIYOFUNZWA

Wageni wengi hudhani kwamba watu wa wilaya za mbali hupokea burudani yoyote kwa shukrani, kama mtu mwenye kiu asiyeuliza maji yametoka kisima gani. Dhana hiyo ni potofu, na huko Tarime imewagharimu wengi. Huko ndiko lilikokomaa iritungu, zeze kubwa la nyuzi nane lenye sauti nzito inayovuma kama nyuki ndani ya mzinga. Mpigaji wa iritungu hukaa chini, akapiga na kuimba, naye huwa anawajua wasikilizaji wake: ukoo wa huyu, ng'ombe wa yule, aibu ya mwingine. Wachezaji huvaa viatu vya mbao nzito, na miguu yao ikikanyaga pamoja ardhi yenyewe huwa ngoma. Hadhira ya namna hiyo imezoea kutajwa na kujibiwa. Haikuzoea kutazama tu.

Tena, gitaa si kitu kigeni upande huo. Shirati, kando ya ziwa, palikuwa ndani ya Wilaya ya Tarime kabla ya Wilaya ya Rorya kuanzishwa mwaka 2007. Hapo ndipo alipozaliwa Daniel Owino Misiani mwaka 1940, ambaye baadaye alihamia Kenya, akaunda bendi ya Shirati Jazz na kuwa mmoja wa wakuu wa muziki wa benga. Alifariki mwaka 2006 katika ajali ya barabarani mjini Kisumu. Katika benga gitaa hudonolewa upesi upesi kama zinavyodonolewa nyuzi nane za nyatiti, zeze la Wajaluo. Alichofanya Misiani na wenzake ni kukipa chombo cha wazee umeme, wakakipeleka mjini. Mwaka 1987 muziki wa Shirati Jazz ulitolewa katika sahani ya santuri na kampuni ya World Circuit ya London. Basi mtu wa Tarime anapoliona gitaa jukwaani halimshangazi. Yeye huuliza linasema nini.

Muziki wa dansi nao una asili yake. NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, nayo Mlimani Park ilianza mwaka 1978 jijini Dar es Salaam. Kila bendi ilikuwa na mtindo wake, na washabiki waliutaja mtindo kabla ya kuitaja bendi. Msondo ni jina la ngoma ya pwani, na Sikinde ni jina la ngoma ya Wazaramo. Kwa hiyo mabingwa wa dansi walifanya jambo lile lile alilolifanya Misiani: waliwasha umeme katika ngoma za nyumbani kwao. Radio Tanzania ikazirusha nyimbo hizo nchi nzima, na watoto wa Tarime na Mugumu wakakua wakizijua kwa moyo ngoma za watu wa pwani.

USIKU WA TARIME

Ukumbi ulijaa mapema. Walikuwapo walimu na wauguzi, wachuuzi wa sokoni, madereva wa malori ya Sirari, vijana wa machimbo ya Nyamongo waliovaa vizuri kuliko wote, na wazee kadhaa walioketi karibu na mlango. Bendi ilipanda jukwaani ikiwa na magitaa matatu, kinanda, ngoma za kizungu, tumba na waimbaji wanne. Kwa saa nzima ya kwanza ilipiga nyimbo mpya tupu, moja baada ya nyingine, bila kumsalimu mtu. Vipaza sauti vilikuwa vikubwa kuliko ukumbi, na maneno ya waimbaji yakapotea ndani ya kelele za vyombo vyao wenyewe.

Ndipo washabiki walipogawanyika. Watu wa makamo, waliolipa kiingilio ili wakumbuke ujana wao, walitaka nyimbo za zamani, tena zipigwe vile vile kama zilivyokuwa redioni, na solo lisikosewe hata kidogo. Mama mmoja muuza vitenge aliniambia kwamba amefika na mumewe kulisakata rumba la siku zao, na ikiwa ni nyimbo asizozijua, basi angebaki nyumbani na watoto. Vijana wa machimbo walikuwa na shauri jingine. Wao walifurahia nyimbo mpya, wakasema kwamba bendi isiyotunga imekufa, ingawa baadhi yao walilalamika kwamba mwendo ni wa polepole na hauwafikishi walikozoea kufika na Bongo Fleva. Madereva waliagiza benga, na bendi haikuwa na hata wimbo mmoja wa benga. Wazee wa mlangoni hawakusema neno. Mmoja wao aliondoka saa nne, akiburuta kiti chake kwa makusudi ili sauti yake isikike.

Baada ya mapumziko bendi ilizinduka. Ilipiga nyimbo za zamani mfululizo, na uwanja wa kuchezea ukafurika. Yule mama wa vitenge na mumewe hawakuketi tena hadi mwisho. Hata hivyo, sasa waliokunja uso walikuwa vijana, ambao waliona kama wamefukuzwa katika karamu waliyochangia. Watu walitoka ukumbini wakibishana, na ubishi huo uliendelea barabarani hadi mbwa wa mtaa mzima wakaamka.

Mambo haya si ya Tarime peke yake. Mwaka 1965, katika tamasha la Newport nchini Marekani, Bob Dylan alipanda jukwaani na gitaa la umeme, na baadhi ya watu waliompenda kwa gitaa lake kavu wakamzomea. Mwaka uliofuata alizunguka Uingereza, na mjini Manchester mtazamaji mmoja akampigia kelele kwamba ni msaliti kama Yuda. Wengine katika ukumbi ule ule walikuwa wakishangilia. Mtu aliyeipenda nyimbo kwa miaka mingi hujihesabu kuwa na haki juu yake, na mwimbaji naye hujihesabu kuwa na haki ya kusonga mbele. Haki hizo mbili zinapokutana ukumbini, mmoja atalala na kinyongo.

Tofauti iliyopo ni kwamba Dylan hakuwa na wasiwasi wa mafuta ya gari. Bendi ya dansi inayozunguka mikoani hula kutokana na mapato ya mlangoni. Usiku wa kwanza ukienda vibaya, habari hutangulia kuliko gari, na kufika mji wa pili ukumbi ni mtupu. Siku hizi, ambapo mwimbaji mmoja aweza kufika na muziki wake umerekodiwa tayari katika kidude kidogo cha mfukoni, kundi la watu zaidi ya kumi wenye vyombo vizito haliwezi kumudu usiku mbaya mara tatu. Hilo ndilo lililokuwa hatarini, na kiongozi wa bendi alilijua. Asubuhi nilimkuta amekaa na daftari lake la nyimbo, akizipanga upya.

Kabla hawajaondoka alikwenda kumwona yule mzee wa kiti, ambaye wenyeji walimtambulisha kwamba anapiga iritungu. Mzee hakumficha. Alimwambia kwamba wageni waliimba vizuri, lakini waliimba kama watu wanaoimba peke yao njiani. Hawakuuliza wako kwa nani.

BARABARA YA MUGUMU

Barabara ya kwenda Mugumu hutelemka kutoka ubaridi wa Tarime, ikapita Nyamwaga, ikafika Nyamongo. Hapo mgodi mkubwa wa dhahabu wa North Mara ulianza uzalishaji mwaka 2002, na vilima vya mawe yaliyochimbwa huonekana kutoka mbali kama milima isiyo na majani. Baada ya hapo ni Mto Mara, kisha ardhi inafunguka. Wilaya ya Serengeti ina Wakurya, Wangoreme, Wanata, Waikoma, Waisenye na wengineo, na upande wa mashariki inapakana na hifadhi iliyobeba jina hilo tangu mwaka 1951. Magari ya watalii hupita yakiwahi wanyama. Ni wachache wasimamao Mugumu zaidi ya muda wa kunywa soda.

Mzee wa iritungu alikuwa ndani ya basi la bendi. Alikuwa amekubali kusindikiza wageni mpaka Mugumu, kwa malipo sawa na ya mwimbaji mmoja, na alikataa kupakia chombo chake pamoja na spika; alikipakata njia nzima.

Mchana ule katika ukumbi wa Mugumu niliona kazi ambayo washabiki hawaioni. Sauti ya iritungu haikulingana na ya magitaa. Haikuwezekana kuzikaza nyuzi zake zaidi, kwani zingekatika, basi wapiga magitaa wakalegeza nyuzi zao, kidogo kidogo, wakimsikiliza mzee. Kinanda hakikuweza kuifuata sauti ile iliyokuwa katikati ya noti mbili, ikaamuliwa kinyamaze. Walifanya mazoezi ya wimbo mmoja kwa saa mbili.

Usiku, kiongozi wa bendi alianza kwa kuwasalimu wenyeji na kueleza walikotoka. Kisha mzee akaanza peke yake. Besi likamfuata taratibu, tumba zikaingia, na gitaa la solo likaja mwisho, likijibu badala ya kuongoza. Wanawake wakapiga vigelegele, na watu wakapanda jukwaani kumtunza mzee, kisha wakamtunza na mpiga besi. Baada ya hapo bendi ilichanganya nyimbo mpya na za zamani, mbili kwa mbili, na sauti ya vyombo ilipunguzwa hadi maneno yakasikika.

Je, wote waliridhika? La. Vijana wawili walidai kiingilio chao, wakisema kwamba iritungu wanalisikia bure harusini na walikuja kuona mambo ya Dar es Salaam. Mwalimu mmoja Mwikoma alisifu ubunifu huo, lakini akauliza kwa nini watu wa Serengeti waletewe mzee kutoka Tarime, ilhali wilaya yao ina waimbaji na ngoma zake. Swali lake lilikuwa la haki, na kiongozi wa bendi hakuwa na jibu. Mpenzi mmoja wa siku nyingi alilalamika kwamba magitaa yaliyolegezwa yaliharibu wimbo anaoupenda, kwa kuwa haukurudishwa katika sauti yake ya redioni. Mpiga solo alikiri kwamba ni kweli, muda wa kukaza nyuzi upya haukutosha.

Lakini ubishi wa Mugumu haukufanana na ule wa Tarime. Tarime watu walibishana kama bendi iwapigie wazee au vijana, na kila upande ulitaka wenzake wakose. Mugumu walibishana wimbo upi ulistahili kuwa wa kwanza, mzee gani angefaa zaidi, na gitaa lilikosea wapi. Hayo ni maneno ya watu wanaoihesabu kazi ile kuwa yao pia.

Viongozi wa bendi zetu, na hata waandaaji wa matamasha makubwa yanayozunguka mikoani, wangefaa kulizingatia hilo. Mji wa mwisho wa barabara una masikio kama mji wa kwanza. Kufika mchana badala ya magharibi, kuuliza ni nani anayepiga nini katika mji huo, na kumlipa sawasawa, hakuhitaji fedha nyingi; kunahitaji saa chache na unyenyekevu. Msondo na Sikinde zilianza kwa mtu kuisikiliza ngoma ya nyumbani kwake. Iritungu bado linangoja bendi yake ya umeme, kama nyatiti ilivyowapata vijana wa Shirati.

Asubuhi bendi ilipakia vyombo kuelekea Bunda. Mzee alirudi Tarime kwa basi la abiria, na chombo chake mapajani. Katika daftari la kiongozi, juu ya orodha ya nyimbo za Bunda, mstari wa kwanza ulikuwa haujaandikwa kitu. Aliniambia kwamba ataujaza akishafika na kuuliza.