Barua ya Marbury na Msumeno wa Sheria

Wengi wetu tulioomba uraia hapa Marekani tuliipitia ile orodha ya maswali 100 iliyoanza kutumika 2008. Tuliyakariri kwenye basi, kazini tukibeba maboksi, na jikoni huku watoto wakitusahihisha matamshi. Moja liliuliza mahakama hufanya nini, na jibu mojawapo ni kuamua kama sheria inapingana na Katiba. Tukajibu, tukaapa, tukapiga picha. Lakini isome Katiba yenyewe mwanzo hadi mwisho: hakuna palipoandikwa waziwazi kwamba majaji wanaweza kufuta sheria ya bunge. Sasa madaraka hayo waliyatoa wapi?

Rais John Adams aliposhindwa na Thomas Jefferson katika uchaguzi wa 1800, aliteua mahakimu wa upande wake harakaharaka kabla ya kuondoka Machi 1801. Mmojawao alikuwa William Marbury. Barua zilitiwa saini na muhuri, ila nyingine hazikuwafikia wenyewe, na serikali mpya ikazikalia. Marbury akaenda moja kwa moja Mahakama ya Juu kumshitaki waziri James Madison.

Hapo ndipo penye utamu. Jaji Mkuu alikuwa John Marshall, na waziri aliyepaswa kuzifikisha barua zile alikuwa huyohuyo Marshall! Kwetu tungesema kesi ya ngedere, hakimu nyani. Tena alikuwa amebanwa. Akimwamuru Madison, angepuuzwa, maana mahakama haina jeshi wala hazina. Akinyamaza, ataonekana mwoga.

Februari 24, 1803 akatoa hukumu. Marbury ana haki ya barua yake, na serikali imekosea. Lakini kifungu cha 13 cha sheria ya mahakama ya 1789, alichokitegemea kuanzia kesi pale, kinapingana na Katiba, kwa hiyo ni batili. Marbury akatoka mikono mitupu, Jefferson akakosa amri ya kukaidi, na mahakama ikabaki na rungu mkononi. Wazo halikuwa geni: Alexander Hamilton alikuwa amelitetea kwa maandishi mwaka 1788. Marshall ndiye aliyelitia katika hukumu ya mahakama hiyo.

Tusishangilie mapema. Mara ya pili rungu hilo kuangushwa juu ya sheria ya bunge ilikuwa 1857, kesi ya Dred Scott, ilipotamkwa kwamba mtu mweusi mwenye asili ya utumwa hawezi kuwa raia. Ilibidi ipiganwe vita, na Katiba irekebishwe mwaka 1868, ndipo hukumu ile ikafa. Sheria ni msumeno, lakini anayeushika ni binadamu.

Na nyumbani Tanzania je? Mwaka 1994 Jaji Lugakingira alimpa ushindi Mchungaji Christopher Mtikila: raia anaweza kugombea bila chama. Serikali haikubishana sana na hukumu. Ilipeleka bungeni mabadiliko ya Katiba yenyewe, yakapita. Mtikila akarudi mahakamani, akashinda tena 2006, Mahakama ya Rufani ikamgeuzia kibao 2010, na Mahakama ya Afrika kule Arusha ikampa haki 2013. Alifariki 2015 bila kuuona mlango ukifunguliwa. Mwaka 2019 serikali ikaondoa hata tamko lililowaruhusu wananchi kwenda wenyewe Mahakama ya Afrika.

Tofauti iko wapi? Marekani, kuigusa Katiba kunahitaji pia kibali cha robo tatu ya majimbo. Kwetu theluthi mbili ya wabunge inatosha, na kwa mambo ya Muungano theluthi mbili ya kila upande. Chama kimoja kikiwa na wingi huo, kazi imekwisha. Jaji anaweza kuwa hodari kama Marshall, lakini msumeno wake utakata nini ikiwa mti unahamishwa kila anapouinua?

Basi tunapokutana na kubishana kuhusu katiba mpya, tusiulize tu imeandikwa nini. Tuulize pia: nani anaweza kuibadilisha, na kwa urahisi gani?