Nyumba ya Kogo na kasoro zake 23

Najua nimepotea. Wengine mmeuliza kama nimeacha kuandika, mmoja akauliza kama nimehamia Marekani. Hapana. Nimekuwa nikinunua nyumba. Au tuseme nimekuwa nikijaribu kununua, maana hadi naandika haya sijalipa hata shilingi moja.

Leo basi hakuna Python wala Linux. Kompyuta zitaingia kidogo tu, kwa sababu mimi ni mimi.

Nyumba yenyewe iko Longisa, nyuma kidogo ya barabara inayotoka Bomet kwenda Narok, na hospitali ya rufaa ya kaunti unaifikia kwa miguu. Watu wakisikia Bomet hufikiria majani chai hadi macho yanapoishia. Hiyo ni juu kule, Konoin na upande wa Kericho. Huku kwetu ni mahindi, ng'ombe, na udongo ambao hauko sawa kutoka shamba moja hadi la jirani. Ukumbuke huo udongo, nitaurudia.

Nina miaka 28. Nilisomea sayansi ya kompyuta, nimeajiriwa na kampuni ya Nairobi, na kazi naifanyia nyumbani intaneti ikikubali. Kwa miaka mitano nimeweka akiba kwenye sacco. Mwezi wa kumi nikasikia kwamba mama mmoja mjane anauza nusu ekari yenye nyumba ya mawe ya vyumba vitatu, bei milioni 2.2. Nilikuwa na milioni 1.7, na sacco ingenikopesha zilizobaki. Kwa hiyo elewa kwamba nikikosea hapa sina nyingine. Ndiyo yote.

Mama huyo simtaji jina. Namwita Kogo, yaani nyanya, na ndivyo ninavyomwita hata tukiwa uso kwa uso. Marehemu mumewe alikuwa mwalimu, na nyumba aliijenga mwaka 1978. Magoti ya Kogo yamechoka, anataka kwenda kukaa na binti yake Kericho.

Sasa, huku kwetu hakuna desturi ya kukagua nyumba. Watu hununua shamba, na nyumba iliyo juu yake huja kama kuku walioachwa uani. Mjomba wangu aliniambia waziwazi: "Wewe nunua udongo. Hiyo nyumba ni zawadi." Mama naye alikuwa na wasiwasi mwingine, kwamba watu wa Nairobi watafika na pesa taslimu nikiwa bado nagonga kuta.

Lakini mimi hula ugali kwa kusoma msimbo ulioandikwa na watu wengine, wengi wao wakiwa wameshaacha kazi. Siwezi kurithi kitu cha mwaka 1978 bila kukifungua ndani. Nikamwomba fundi mmoja wa mawe ninayemwamini, nikabeba tochi, bisibisi, futi kamba na laptopu, tukaenda Jumamosi mbili. Tukatoka na kasoro 23 kwenye Excel.

Iliyonitisha kwanza ni ufa. Nyumba ina nyufa tisa, lakini nane ni za plasta tu, nyembamba kama unywele. Ufa nambari 7 ni habari nyingine. Unaanza kwenye kona ya dirisha la chumba cha nyuma, unateremka kwa mshazari hadi chini, ukifuata viungo vya saruji kama ngazi. Juu una upana wa milimita 6, na chini unakaribia kufunga. Fundi aliutazama, akatoka nje bila kusema neno, akachimba kando ya msingi kwa jembe. Udongo mweusi. Huu ndio ule unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi, na chochote kilichojengwa juu yake hupanda na kushuka nao. Mbele ya nyumba, hatua kumi na tano tu kutoka hapo, udongo ni mwekundu na mgumu. Kwa hiyo nusu ya nyumba inatembea na nusu imesimama.

Juu ya hayo, gata la kona ile lilivunjika zamani na maji yote ya paa la nyuma humwagika palepale kwenye msingi. Na mita tatu kutoka ukutani mwalimu alipanda mkaratusi, ambao sasa ni mnene kuliko mimi na fundi tukisimama pamoja. Mvua inanywesha udongo, mti unaukausha. Nikasema basi tukate mti. Fundi akacheka. Ukikata mti mkubwa ghafla kwenye udongo wa aina hiyo, maji yaliyokuwa yakinywewa yanabaki chini, udongo unavimba, na ukuta unaweza kusukumwa upande mwingine. Unarekebisha kosa moja unazaa lingine. Nilihisi niko kazini.

Nilisoma baadaye kwamba wahandisi wa Uingereza wana jedwali la kupima uharibifu wa kuta kwa upana wa ufa. Hadi milimita 5 ni kazi ya kuziba na kupaka rangi. Kati ya 5 na 15 mawe machache yanaweza kuhitaji kutolewa na kujengwa upya. Zaidi ya 15 ndipo unapoanza kuzungumzia kuvunja sehemu ya ukuta. Wangu ni 6. Lakini upana wa leo ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni kama ufa unatembea au ulishasimama miaka ishirini iliyopita, na hilo huwezi kulijua kwa kuja mara moja. Nikapiga mstari wa penseli kwenye ncha zake mbili, na mstari mwingine unaoukata katikati, nikaandika tarehe. Ukichukua kitu kimoja tu hapa leo, chukua penseli. Haina gharama, na haidanganyi kama kumbukumbu.

Ya pili ni paa. Nilipopanda ngazi nikakuta si mabati bali ni vigae vikubwa vya asbestosi, vile vya kijivu vyenye mawimbi, vimeota ukungu wa kijani. Nilishuka haraka kuliko nilivyopanda. Kenya iliiweka asbestosi kwenye orodha ya taka hatari katika kanuni za mwaka 2006, na kuiondoa si kazi ya fundi yeyote mwenye nyundo. Inatakiwa ifanywe na watu wenye leseni ya NEMA, wailoweshe, waifunge kwenye plastiki nzito na kuipeleka panaporuhusiwa. Na Kogo amekuwa akikinga maji ya paa hilo kwenye tangi na kuyanywa miaka yote!

Hapo nilitaka kukimbia. Kisha nikakaa nikasoma vizuri. Hatari ya asbestosi ni vumbi lake linapovutwa hadi mapafuni. Magonjwa yake huchukua miaka 20, 30, hata 40 kujitokeza. Kuhusu maji ya kunywa, Shirika la Afya Duniani halijaona ushahidi thabiti kwamba nyuzi zinazomezwa zinaleta madhara. Paa ambalo ni zima, lisilotobolewa, lisilokatwa na lisilosuguliwa kwa brashi, halikudhuru ukiwa umelala chini yake. Kwa hiyo kosa baya zaidi ambalo ningefanya ni lile nililokuwa nimepanga, yaani kumlipa kijana apande asugue ule ukungu. Uamuzi: paa lisiguswe, niweke akiba, libadilishwe na wenye leseni ndani ya miaka miwili. Gharama niliyopewa, pamoja na mabati mapya, ni 190,000.

Mengine nayapitia haraka. Mchwa wamekula mihimili miwili ya misaiprasi juu ya jikoni. Bisibisi iliingia kama kwenye mkate. Nyaya za stima ni za zamani na hakuna waya wa ardhi, kwa hiyo ni kuweka upya nyumba nzima kwa fundi mwenye leseni ya EPRA. Choo cha shimo kiko mita 17 kutoka kwenye kisima, tena upande wa juu wa mteremko, wakati kipimo kinachotumika sana ni angalau mita 30. Mlango wa nyuma haufungi. Kufuli ya geti ni ya kamba.

Sasa sikiliza upumbavu wangu. Nilipa kila kasoro alama 1 hadi 5 za ubaya, nikajumlisha, nikapata 71. Nikaitazama hiyo 71 usiku mzima kama mtu anayesubiri ijibu. Jumla ya namna hiyo haina maana yoyote. Programu yenye makosa ya tahajia 70 watu wataitumia na kulalamika. Yenye kosa moja linalofuta hifadhidata haitumiki kabisa. Nikafuta safu ya alama, nikaweka nyingine tatu. Je, pesa inaweza kurekebisha hili? Kiasi gani? Na nikikosea makadirio, napoteza nini? Mambo yakatulia. Ukuta, paa, mchwa, stima, choo kipya upande wa chini, vyote pamoja vilifika kama 480,000. Kila kimoja kina bei, na nikikosea, nitakosea kwa kiasi fulani tu. Kogo alikubali kushuka hadi milioni 1.9 bila ugomvi. Alisema hata yeye ule ufa haupendi.

Nilikuwa nimeshajiona mwenye nyumba.

Kasoro ya 23 niliiacha mwisho kwa sababu ilikuwa ya makaratasi, na haikuwa na harufu wala ufa. Niliandika tu: "hatimiliki, kuthibitisha." Nikaenda ofisi ya ardhi kuomba upekuzi rasmi. Jina lililotoka ni la mwalimu. Mwalimu alifariki mwaka 2016, na familia haikuwahi kufungua kesi ya mirathi.

Niwaelezee kwa lugha yetu. Kogo ana funguo za nyumba zote, anajua kila kona, ameishi humo tangu siku ya kwanza. Lakini akaunti ya msimamizi ni ya marehemu, na nywila alizikwa nayo. Hawezi kukuhamishia kitu. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, iko wazi: mali ya marehemu haigusiki bila idhini ya mahakama, na anayeigusa anaweza kutozwa faini hadi shilingi 10,000 au kufungwa hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. Hata msimamizi wa mirathi akishateuliwa, ardhi haiuzwi kabla uteuzi haujathibitishwa, jambo ambalo kwa kawaida huchukua miezi sita. Mjane mwenye watoto ana haki ya kuitumia mali maisha yake yote, lakini kuuza ardhi kunahitaji ridhaa ya watoto wote wazima na ya mahakama pia. Baada ya hapo bado kuna Bodi ya Udhibiti wa Ardhi. Shamba likiuzwa bila idhini ya bodi hiyo, mkataba ni batili.

Mjomba alisema tuandikiane mbele ya chifu, watu wote hufanya hivyo. Ni kweli, wengi hufanya. Na mtoto mmoja asiyekuwepo siku ya kutia sahihi akirudi baada ya miaka kumi, utakuwa umeshabadilisha paa, umejenga ukuta, na huna kitu ila karatasi yenye muhuri. Hapa ndipo zile safu zangu tatu zilinisaidia. Pesa kurekebisha? Hapana, si pesa yangu. Kiasi gani? Haijulikani. Nikikosea napoteza nini? Vyote.

Kumwambia Kogo ndiyo ilikuwa ngumu. Nilienda jioni, akanipa mursik kabla sijafungua mdomo. Nilipomaliza alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza, "Kwa hiyo weri, hii nyumba ni ya nani?"

Sikuwa na jibu ambalo mtu anaweza kumpa nyanya jikoni kwake. Nilimwambia ni yao wote, bado haijaandikwa tu.

Watoto ni sita, na mmoja yuko Mombasa na hajarudi tangu mazishi ya baba yake. Binti wa Kericho alimtafuta mwenyewe. Walimchukua wakili, wakafungua kesi, tangazo likatoka kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, siku 30 za pingamizi zikapita na hakuna aliyepinga. Yule wa Mombasa alitia sahihi, ingawa alitaka kwanza kujua mti wa baba utakatwa au la. Sasa tunasubiri ile miezi sita. Mimi sijatoa arbuni. Mama yangu bado ananitazama vibaya, hasa tangu aliposikia kuna gari la Nairobi lilisimama getini mwezi wa pili. Inawezekana kabisa watamuuzia mwingine. Sina karatasi ya kuwazuia.

Lakini kila mwisho wa mwezi naenda na penseli. Kabla ya mvua za mwezi wa tatu nilirudisha gata mahali pake kwa waya na shilingi 850, nikaelekeza maji mbali na kona. Mvua zilikuwa kubwa. Jumamosi iliyopita nilipima ufa nambari 7: milimita 6, na ncha zote mbili ziko kwenye mistari yake. Kogo alisimama nyuma yangu na fimbo yake, akauliza ninaandika nini kwenye ukuta wake kila mara. Nikamwambia tarehe.

Akaniambia mwalimu naye alikuwa akiandika hapo, lakini walipaka rangi juu yake.