Sungura wa udongo na mkono wa mama

Mama yangu ni mfinyanzi. Kwao ni Ikombe, karibu na Matema, mwambao wa Ziwa Nyasa, ambako wanawake wa Kikisi hufinyanga vyungu kwa mikono na kuvipeleka sokoni. Mwaka jana alipata kiharusi. Mkono wa kulia ukalegea.

Naandika habari za afya, hivyo nilijiona najua la kufanya. Nilimnunulia mpira wa kuminya, nikambandikia ratiba ya mazoezi ukutani. Kila nikipiga simu namuuliza, "Mama, umefanya mazoezi?" Anajibu, "Nimefanya, mwanangu." Dada anayeishi naye Mbeya akaninong'oneza kwamba mpira uko chini ya kitanda.

Likizo ya Desemba, mtoto wa dada, mwenye miaka 11, alitaka kutengeneza filamu kwa simu. Unaweka sanamu mezani, unapiga picha, unaisogeza kidogo, unapiga tena. Picha 12 kwa sekunde moja. Zikipita haraka, sanamu inatembea. Nilimsimulia habari za Moustapha Alassane wa Niger, aliyetengeneza filamu ya *Samba le Grand* mwaka 1977 kwa kutumia vikaragosi. Akaniuliza, "Mama mdogo, sisi vya kwetu viko wapi?"

Udongo ulikuwepo, ndani ya kiroba nyuma ya nyumba, tangu mama augue. Akafinyanga sungura. Masikio yakadondoka.

"Lete hapa," mama akasema. "Udongo wako una maji mengi."

Alianza kwa mkono wa kushoto. Sikio la pili likataka mikono miwili. Nikaona vidole vya kulia vikibana udongo, vikitetemeka, vikiteleza, vikirudi.

Sungura yule alikauka akapasuka shingo. Wakafinyanga mwingine, wakawa wanamfunika kwa kitambaa chenye maji kila usiku. Filamu ya sekunde 10 ilichukua siku nne na picha 120, na mama ndiye aliyekuwa akisogeza miguu.

Mtaalamu wake wa fiziotherapia alifurahi, akasema mkono uliopooza hunufaika kwa kurudiarudia kazi ambayo mgonjwa mwenyewe anaijali. Kliniki bado anahudhuria. Chungu kikubwa bado hakiwezi, na huenda asikiweze tena.

Nilimuuliza kwa nini aliuficha mpira.

"Ule nikishauminya unabaki mpira," alisema.

Siku hizi nikipiga simu siulizi mazoezi. Nauliza fisi amefikia wapi.