Siku za Mtaro

Kukadiria muda wa kazi ni kusema itakwisha lini kabla jembe halijagusa ardhi. Katika miradi ya maji yanayoteremka yenyewe kutoka misitu ya Mlima Kenya na Nyambene, anayetakiwa kusema hivyo ni msimamizi, mbele ya kamati ya wanakijiji waliochanga fedha. Msimamizi anayeelezwa hapa alianza kama kibarua wa mitaro juu ya Runyenjes, akawa fundi bomba, kisha mnyapara, na mwishowe akasimamia miradi kutoka Kianjokoma hadi Maua.

Kipimo chake cha kwanza kilikuwa bomba lenyewe. Bomba la plastiki lina mita 6, na kila kibarua alipewa kipande cha urefu huo kwa siku. Katika udongo mwekundu wa ukanda wa kahawa, kipande hicho humalizwa mapema alasiri. Mbeere, kuelekea Ishiara, ardhi hukauka ikawa kama sakafu. Kwenye mawe ya Nyambene mtu aweza kushinda na mtaimbo asimalize hata mita moja. Kadirio lisilotaja udongo ni bahati nasibu.

Kosa lililomfunza zaidi lilikuwa la laini ya kilomita 4. Aligawanya mita 4,000 kwa vibarua 30 wa mita 6 kila mmoja, akapata siku 22 na ushei, akaitangazia kamati wiki nne. Kazi ilichukua miezi mitatu. Ajabu ni kwamba siku za kuchimba, zilipojumlishwa, zilikuwa 26 tu. Zilizobaki zilikuwa za kungoja. Mwenye shamba mmoja alikataa bomba lipite kwenye michai yake mpaka chifu akaitwa; mabomba yalichelewa; palitokea mazishi mawili, na siku ya mazishi hakuna kijana anayeshika sururu. Kisha ikafika Oktoba, kahawa ikaiva, na nusu ya vibarua wakarudi kuchuma kwao. Hawakulaumiwa, kwa kuwa kahawa haingoji bomba. Tangu hapo daftari lake likawa na safu mbili: siku za kazi na siku za kalenda.

Kalenda yenyewe hutawaliwa na mvua, za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba. Banio la mtoni hujengwa mto ukiwa umepungua, yaani Januari na Februari, au Agosti na Septemba. Anayekosa nafasi hiyo hungoja miezi. Zege nalo humwagiliwa maji kwa siku 7 au zaidi, na nguvu yake hupimwa siku ya 28. Ukungu na baridi ya Julai huchelewesha kushika kwake, na hata wakiongezwa vibarua mia hawataliharakisha.

Baadaye alifundishwa hesabu iliyotokana na mradi wa makombora ya Polaris wa jeshi la majini la Marekani, mwaka 1958: siku za mambo yakienda vizuri, jumlisha mara nne ya siku za kawaida, jumlisha siku za mambo yakiharibika, gawanya kwa 6. Kwa siku 20, 28 na 60, jibu ni 32. Hesabu ni nzuri, ila humtegemea anayetaja hiyo 60, na wengi hutaja ubaya mdogo kuliko waliokwisha kuuona kwa macho.

Kwa hiyo aliacha kumuuliza fundi, "Tangi hili litakuchukua siku ngapi?" Jibu lilikuwa lile lile, "Wiki moja tu, mzee," kwa heshima zaidi kuliko kwa hesabu. Akawa anauliza, "Lile la mwisho lilikuchukua siku ngapi?" Hapo fundi alinyamaza, akahesabu vidoleni, na mara nyingi akataja wiki tatu.

Alistaafu akiwa na daftari 19. Ndani yake kazi mbili tu zilikwisha siku iliyoandikwa, na zote mbili zilikuwa za kupaka tangi rangi.