Nauli Ilipokuwa na Huruma

Gari la kwenda Molo miaka ya themanini lilikuwa Peugeot 404 yenye mabenchi mawili nyuma. Abiria tulikaa tukitazamana, magoti yakigusana, magunia ya viazi katikati na kuku miguuni. Makanga alining'inia mlangoni kwenye baridi ya Keringet bila glavu, na alitujua sote: huyu ni wa boma gani, ng'ombe wa yule amekauka maziwa, mtoto wa fulani ana kifua. Kwa hiyo alijua pia nani hana pesa. Nyanya aliyesimama kando ya barabara na kikapu aliambiwa, "Kogo, panda, tutaongea." Kogo ni nyanya kwa Kikalenjin; akiwa Mkikuyu aliitwa shosho, na akapanda vilevile.

Maongezi yenyewe yalifanyika siku ya malipo ya pareto. Maua yale meupe ndiyo yaliyokuwa benki ya milima hii. Duka lilikopesha kwa kuyategemea, shule ilisubiri karo kwa kuyategemea, na gari nalo likasubiri nauli. Wanafunzi tulilipa nusu. Mtoto aliyepakatwa hakulipa. Hakuna aliyeandika kanuni hizo, wala hatukuona haja ya kuziandika. Hapo ndipo majuto yangu yalipo.

Siwezi kuzipamba siku zile. Magari yalijazwa hadi mlango haufungi, breki zilikuwa za kubahatisha, na miteremko yetu haina msamaha. Watu walikufa. Kanuni za waziri wa uchukuzi wa Kenya, John Michuki, zilipoanza kutekelezwa tarehe 1 Februari 2004, nilifurahi kwa dhati: matatu ya Nissan abiria kumi na wanne tu, mikanda, kidhibiti mwendo kisichoruhusu zaidi ya kilomita 80 kwa saa. Hata leo ningeziunga mkono.

Ila hesabu ilikuwa wazi tangu asubuhi ile. Gari lililobeba ishirini na zaidi sasa linabeba kumi na wanne, na hao wachache ndio wanaolipia mafuta, matairi na bima. Nauli ikapanda nchi nzima. Usalama ukalipiwa kwa kichwa, maskini na tajiri sawasawa, na asiyeweza akabaki kando ya barabara. Mtoto wa kupakatwa akawa abiria. Pareto nayo ilikuwa imeanza kufa mikononi mwetu, malipo yakichelewa hadi watu wakang'oa mimea na kupanda viazi, kwa hiyo hata ile siku ya "kuongea" ikatoweka.

Makanga wa leo si mtu mbaya. Gari si lake, na pengine mwenyewe anaishi mbali. Jioni anatakiwa kupeleka fungu la siku, mvua inyeshe isinyeshe. Akimbeba Kogo bure, anakatwa yeye. Huruma ya mtu mmoja haiwezi kubeba mzigo wa jamii nzima, na tuliiachia ibebe kwa miaka mingi.

Serikali iliwahi kujaribu. Mwaka 1986 yalianza mabasi ya Nyayo, makubwa, nauli yake ikiwa chini kuliko ya matatu. Kufikia katikati ya miaka ya tisini yalikuwa yamekufa kwa madeni, uharibifu na usimamizi mbovu. Tangu hapo abiria maskini wa Kenya hana chake. Bei ya petroli inawekewa kikomo tangu Desemba 2010, na kila tarehe 14 ya mwezi EPRA, mamlaka ya nishati, hutangaza bei mpya, lakini nauli haina kikomo chochote. Petroli ilipovuka shilingi 200 kwa lita Septemba 2023, nauli zilipanda mara moja. Mafuta yakishuka, zinasahau njia ya kurudi. Shule zikifunguliwa, mvua ikikaza au Krismasi ikikaribia, zinapanda tena.

Anayeumia zaidi ni yule wa vijiji vya ndani ambako matatu hayafiki. Analipa boda boda kwanza mpaka lami, halafu Probox mpaka Molo, halafu gari jingine mpaka hospitali kuu ya Nakuru. Mgonjwa wa kisukari akifikiria safari hiyo kila mwezi, anaanza kuruka tarehe za kliniki. Dawa ziko, daktari yuko, nauli ndiyo haipo.

Dar es Salaam wameandika kanuni kama zile zetu. Mwanafunzi wa daladala ana nauli yake inayopangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, chini ya nusu ya ile ya mtu mzima. Najua makondakta wengi huwakimbia watoto hao kwa sababu hakuna anayefidia tofauti. Hilo linatufundisha kwamba nauli nafuu iende na pesa ya kuilipia.

Kaunti ya Nakuru imekuwa ikitoa basari za karo. Basi itenge pia fungu la nauli: mgonjwa aonyeshe kadi ya kliniki, mwanafunzi sare, na sacco ya matatu ilipwe tofauti kwa M-Pesa jioni hiyohiyo. Mikutano ya bajeti ya kaunti iko wazi kwa wananchi. Watu wa Keringet, Kiptagich na Olenguruone, nendeni mkaliseme hili, na lisiondoke mezani mpaka liandikwe.