Goma: kazi za kwanza za mwanafunzi wa infografia, na watu waliozihitaji

Mwanafunzi mmoja wa infografia hapa Goma ametakiwa na mwalimu wake kukusanya kazi zote alizochora kwa telefone na kompyuta tangu alipoanza, achague kumi, kisha aeleze mbele ya wenzake kila moja ilimfundisha nini. Ni binti wa miaka 23. Alilelewa na koko yake katika mtaa wa Ndosho, huku wazazi wake wakiishi Sake hadi vita vilipowahamisha mwezi wa pili mwaka 2024. Ameomba jina lake lisitajwe.

Kazi yake ya kwanza kabisa ni afishi ya Ebola. Ugonjwa ulikuwa umetangazwa Kivu ya Kaskazini tarehe 1 mwezi wa nane mwaka 2018, ukapiga sana upande wa Beni na Butembo. Mwezi wa saba mwaka 2019 mgonjwa wa kwanza alithibitishwa mjini Goma, na ndoo zenye robine zikajaa kwenye milango ya maduka, makanisa na masomo. Hadi ugonjwa ulipotangazwa kuisha, mwezi wa sita mwaka 2020, ulikuwa umeua watu zaidi ya 2,200. Binti huyo, akiwa bado kwenye sekondari, alichora afishi kwa telefone: mikono miwili, matone ya maji, na maneno ya Kifaransa kwa herufi za kupindapinda, kwa sababu masomo yake yalikuwa kwa Kifaransa.

Koko yake aliitazama, akauliza: "Mwanangu, hapa unamwambia nani?"

Swali hilo analitaja mpaka leo kuwa somo lake la kwanza la infografia. Aliichora tena. Maneno yakawa manne tu, kwa Kiswahili, kwa herufi zilizosimama wima, na picha zikapangwa kwa mfuatano: ndoo, sabuni, mikono. Koko hakusoma shule, lakini safari hii alieleza mwenyewe afishi inasema nini, bila kusomewa.

Kazi ya pili aliyoichagua ilifanywa kwa haraka. Nyiragongo ilipolipuka jioni ya tarehe 22 mwezi wa tano mwaka 2021, watu walikimbia usiku. Siku tano baadaye, serikali ya jimbo ikaamuru sehemu kubwa ya mji ihame. Wengine walishika njia ya Sake, wengine wakaenda Minova na Bukavu, wengine wakavuka kwenda Gisenyi. Katika msukumano huo watoto walipoteana na wazazi. UNICEF ilitaja watoto zaidi ya 150 waliotenganishwa na jamaa zao baada ya mlipuko.

Yeye na koko walifikia Sake. Mama mmoja jirani yao alikuwa anamtafuta kijana wake wa miaka saba. Binti alitengeneza tangazo wakati telefone yake inachajiwa kwenye duka la barabarani: mandhari nyeupe, maandishi meusi, picha ya mtoto, jina, nguo alizokuwa amevaa, na namba mbili. Hakukuwa na pambo hata moja. Siku ya nne mtu alipiga kutoka Minova. Mtoto alikuwa amepokelewa na jamaa moja huko.

Ila kuna jambo moja ambalo tangazo hilo lilikosa: tarehe. Liliendelea kuzunguka kwenye WhatsApp kwa miezi miwili zaidi. Mama yule alikuwa anapigiwa simu usiku na watu wema waliodhani mtoto bado amepotea, na pia na wajanja waliosema, "Tuko naye, tuma pesa kwanza." Tangu hapo binti huandika tarehe juu kabisa, tena kwa herufi kubwa. Mtu akipatikana, hurudisha tangazo lile lile kwenye vikundi vile vile, likiwa na neno AMEPATIKANA juu ya picha. Anasema hata kumaliza tangazo ni sehemu ya kazi.

Mualiko wa harusi wa mwaka 2022 anausimulia akicheka. Kwenye kompyuta ulikuwa wa bluu inayong'aa. Karatasi ikatoka ya zambarau iliyofifia. Kioo huchanganya mwanga mwekundu, wa kijani na wa bluu, lakini mashini ya kuchapa huchanganya wino, na wino hauwezi kung'aa kama mwanga. Bibi harusi alikubali karatasi zile. Binti naye alijifunza kuchapa nakala moja ya kujaribu kabla ya kuchapa mia.

Kazi iliyomgharimu fikra zaidi ni ya mwaka 2024. Tarehe 14 mwezi wa nane mwaka huo, Shirika la Afya Duniani lilitangaza mpox kuwa hali ya dharura ya kimataifa, na kambi zilizozunguka Goma zilikuwa tayari na wagonjwa. Wazazi wake walikuwa Bulengo, chini ya turubai. Alitaka kuwachorea majirani zao afishi ya dalili, akachukua picha kutoka intaneti. Karibu zote zilionyesha vipele vyekundu kwenye ngozi nyeupe. Mama yake alimwambia kwamba mtoto wa turubai la pili alikuwa na vipele, lakini havikuwa vyekundu hivyo, kwa hiyo watu walidhani ni upele wa kawaida.

Alikaa siku mbili akichora mkono mweusi, na vipele kama vinavyoonekana kwenye ngozi yetu: vimeinuka, vigumu, vingine vina usaha, vingine vimeacha doa. Juu yake aliandika: "Ukiona hivi, nenda kwa muganga leo." Mtoto yule alipelekwa kituo cha afya.

Mwaka 2025 vita viliingia mjini mwisho wa mwezi wa kwanza. Wiki chache baadaye kambi za Bulengo na Lushagala zilikuwa zimebomolewa, na watu wakatawanyika: wengine walirudi vijijini wasijue watakuta nini, wengine wakaingia kwa jamaa mjini. Matangazo ya kutafutana yalirudi kwa wingi. Peke yake asingeyaweza. Alitengeneza tangazo tupu lenye nafasi ya kujaza, akafundisha vijana wa avenyu yake kulitumia kwa telefone ya kawaida. Haya ndiyo anayowaambia:

Tarehe ije kwanza. Kisha picha moja ya uso, na itumwe kama dokima, kwa sababu WhatsApp huibana picha ya kawaida na uso unaweza kufifia. Jina liandikwe kwa Kiswahili chepesi, pamoja na jina la utani, kwa kuwa mtoto mdogo mara nyingi hujua hilo tu. Namba ziwe mbili, maana moja inaweza kukosa moto. Usiandike avenyu wala nyumba. Na alama moja ya mwili isiandikwe kabisa: kovu, au jino lililovunjika. Anayepiga simu aulizwe hiyo kabla ya kupewa hata franga moja.

Kwenye kumi alizompelekea mwalimu, wenzake walimshauri aanze na zile za rangi nyingi alizofanya chuoni. Yeye ameweka mbele tangazo jeupe la Sake, likiwa vile vile lilivyokuwa, bila tarehe, na kando yake lile la leo.

Anayemtafuta mtu wake anaweza pia kwenda kwa Msalaba Mwekundu, ambao una kazi ya kuunganisha jamaa zilizopoteana. Huduma hiyo hailipishwi. Nenda na picha kama ipo. Kama haipo, nenda hivyo hivyo.