Jeraha Dogo, Aibu Kubwa

Mwaka 1989 nilikuwa mwalimu mkuu, mwenye mke na watoto watatu, nilipochanika ule utepe mdogo wa ngozi ulio chini ya kichwa cha uume. Damu ilinitisha kuliko jeraha lenyewe. Niliikandamiza kwa kitambaa safi dakika kama 10, ikakoma.

Kosa langu lilifuata. Kwa kuona haya nilijitibu kwa siri, nikapaka spiriti kila usiku. Iliniunguza, na kidonda kikakataa kufunga. Mke wangu, kwa kuwa nilimkwepa bila maelezo, akadhani nimepata mwingine. Chuoni nilisomea kufundisha elimu ya afya. Sasa ulimi wangu mwenyewe ulikuwa mzito.

Hatimaye nilimwendea tabibu wa zahanati. Hakucheka. "Mwalimu, acha spiriti. Osha kwa maji safi ya uvuguvugu, kausha taratibu, paka mafuta ya mgando kidogo, vaa nguo ya ndani ya pamba isiyobana. Usimkaribie mama mpaka pafunge kabisa. Ukiona usaha, uvimbe au homa, rudi. Pakichanika tena na tena, upo upasuaji mdogo."

Jioni ile nilimweleza mke wangu yote. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Baba watoto, maji nitakupashia mimi."

Baada ya majuma mawili nilikuwa nimepona. Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Mimi nusura nivunje nyumba kwa kidonda cha ukubwa wa punje ya mchele.